Korongo Limetulia

Hyasinta aliolewa kijiji cha Daa akitokea Endamarariek, na siku alipofikishwa kwa mumewe korongo lilikuwa bado mfereji ambao mtu aliweza kuuruka akiwa na ndoo kichwani. Ng'ombe wa kitongoji kizima walipita hapo kwenda kunywa maji, asubuhi wakishuka, jioni wakipanda, na kila masika maji ya mvua yalifuata njia yao. Alipomzaa Fabian, mfereji ulikuwa unamfika mtu kiunoni. Alipomzaa Goodness, mtoto wake wa mwisho, ng'ombe aliyetumbukia mle hakutolewa mzima. Walimchinjia humo humo, nyama wakaipandisha kwa kamba.

Isaya, mumewe, hakuwa mtu wa kutishwa na shimo. Alipougua mapafu na kujua kwamba haponi, alimwonyesha mkewe mahali chini ya mti wa mgrevilea.

"Mnilaze pale. Nilione shamba."

"Pale ni karibu na korongo, Baba Fabian."

"Korongo lina kazi zake. Na mimi nitakuwa na zangu."

Watu wakamzika pale, wakajengea saruji, wakasimamisha msalaba wa chuma. Kati ya kaburi na ukingo wa korongo palibaki kipande cha kutosha kulima maharage, na Hyasinta alikilima. Mwaka uliofuata mistari ya maharage ikapungua. Mwaka mwingine ikapungua tena. Hapo ndipo alipoanza tabia ambayo majirani waliizoea mpaka wakaacha kuiuliza: kila asubuhi, kabla hajawasha moto, alikwenda kuangalia ukingo, akajishika kiuno, akarudi.

Alikuwa ameacha shule akiwa darasa la nne ili alee wadogo zake. Kusoma alijua, hesabu za sokoni alijua. Lakini tangu utotoni alikuwa mtu wa kuangalia kuliko kusema. Aliangalia uso wa mtu kabla ya kumjibu, aliangalia mawingu upande wa msitu wa Ngorongoro kabla ya kuanika mahindi, na usiku aliwaza yote aliyoyaona mchana. Fabian, aliyekuwa akiosha magari ya watalii Karatu mjini, alimwambia kila alipokuja, "Mama, usiwaze sana. Tutalijaza mawe." Kisha alikula, akapumzika, akarudi mjini.

Kumhamisha marehemu lilikuwa jambo ambalo Hyasinta hakuthubutu hata kulitamka. Ingebidi waitwe ndugu za Isaya, na hao walikuwa bado wanaguna kwamba mjane ndiye aliyekubali mahali pale. Wangemuuliza alikuwa wapi siku zote. Kwa hiyo alinyamaza, akaendelea kuangalia.

Halafu Goodness, aliyekuwa darasa la sita, akarudi siku moja na habari. Alivua mkoba, hakuomba hata chakula.

"Mama, tumechagua korongo letu."

"Nani amechagua?"

"Darasa. Mwalimu Muksini alisema kila darasa litafute shida ya hapa hapa kijijini, tusome kwa kuishughulikia. Wengine walisema tembo. Wengine walisema kuni. Mimi nikanyoosha mkono nikasema korongo litamchukua baba yangu."

Hyasinta aliacha kupepeta mchele. "Ulisema hivyo mbele za watu?"

"Ndiyo. Mwalimu akaandika ubaoni."

Mwalimu Muksini alikuwa kijana wa Karatu mjini, mtoto wa mwenye duka la vitambaa, na huu ulikuwa mwaka wake wa pili pale shuleni. Shirika moja la Arusha lilikuwa limewaletea vishikwambi na betri ya sola. Siku tatu za wiki watoto walikaa darasani wakitazama masomo ndani ya vishikwambi: mwalimu wa kike wasiyemjua aliwaeleza jinsi udongo unavyoshikana, jinsi maji yanavyopata nguvu, jinsi ya kuchora grafu. Siku mbili walitoka na majembe, kamba na futi ya kupimia, wakaenda kwenye shida yenyewe. Kwa hiyo mara mbili kwa wiki ua wa Hyasinta ulijaa mashati meupe yenye vumbi.

Cresensia, jirani yake, alisimama kwenye uzio akiwatazama watoto wakibeba mawe.

"Mama Fabian, siku hizi hii ndiyo shule? Mimi wa kwangu nilimpeleka akasome. Mawe hata kwangu yapo, angebeba bila sare."

"Wanasoma hivyo hivyo, jirani. Wanapima."

"Wanapima. Mtihani wa taifa utakuja kuuliza, korongo la Mama Fabian lina urefu gani?"

"Huenda ukauliza."

"Basi uwapikie makande wafaulu," alisema Cresensia, akacheka, na baadaye alileta mwenyewe kikapu cha mahindi.

Watoto walijenga vizuizi vya mawe na viroba vya mchanga sehemu ya chini ya korongo. Kando walipanda matete na mkonge. Walifuata maji hadi yanakotoka, wakagundua kwamba kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara ya juu, linayamwaga yote kwenye njia ya ng'ombe. Wakalirekodi kwa kishikwambi na Goodness akasema maneno huku mwenzake akimpiga picha. Halafu wakapigilia vigingi. Vilikuwa vya mti, vimepakwa rangi nyekundu, vimepangwa kutoka ukingoni kuelekea kaburini. Kila wiki walipima kutoka ukingo hadi kigingi cha kwanza. Ukingo ukila ardhi, nafasi itapungua, na darasa litajua korongo linakwenda kasi gani. Goodness ndiye aliyepewa kazi ya kupima na kupiga picha, kwa kuwa ndiye aliyeishi pale.

Kwa miezi ile Hyasinta alilala usingizi. Alimwona mwanawe akiinama juu ya futi, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, na akafikiri kwamba labda shule inaweza kushika kitu.

Mwanzoni mwa vuli, wazazi waliitwa shuleni. Dada mmoja aitwaye Beatrice, msimamizi wa mradi, alikuwa amekuja na gari. Alizungumza taratibu, kwa upole, akiwatazama watu usoni. Alisema shule kadhaa za wilaya zinafanya miradi ya namna hii, na makorongo yapo katika vijiji vingi. Shirika limepata nyavu za waya, zile ambazo hujazwa mawe zikawa kama ukuta. Lakini zinatosha korongo moja tu.

"Wataalamu wataangalia vipimo vya watoto," alisema. "Ndipo wataamua nyavu ziende wapi."

Hyasinta alirudi nyumbani akitembea peke yake. Alijua miradi. Miaka ya nyuma akina mama wa kigango chao cha kanisa waligawiwa mbuzi wa maziwa. Mbuzi wa Cresensia walizaa, wageni wakaja wakawapiga picha, na mwisho Cresensia akaletewa tangi la maji. Mbuzi wa Hyasinta walikufa kwa kuhara. Alipoeleza kwamba walikufa, yule bwana wa mradi alitikisa kichwa kwa huruma, na hakurudi tena. Ndivyo ilivyokuwa kwa mizinga ya nyuki pia, na kwa mbegu. Anayefanikiwa huongezewa. Aliyeharibikiwa hupewa pole. Wageni hawapendi kupiga picha kitu kilichokufa.

Mvua za vuli zilipokuja zilikuwa kubwa. Vizuizi vya watoto vilishika kwa chini, lakini juu, upande wa kaburi, ukingo ulimeguka kama mkate. Asubuhi Hyasinta alipokwenda kuangalia, kigingi cha kwanza hakikuwepo. Alichungulia, akakiona kimelala matopeni. Watoto wangekuja siku hiyo. Wangepima, wangeandika kwamba korongo limekula, wageni wangesoma, wangetikisa vichwa.

Akashuka kwa kushikilia mizizi, akakitoa kigingi, akakifuta kwa khanga. Akavivuta na vile vingine, kimoja kimoja, akavisogeza vyote kuelekea kaburini kwa kiasi kile kile kilicholiwa, akavipigilia kwa jiwe. Alifanya kama mtu anayehamisha mbuzi malishoni, bila kujificha sana. Akatandaza majani makavu juu ya matundu ya zamani. Kisha akaenda kuwasha moto.

Watoto wakaja, wakapima. Nafasi ilikuwa ile ile. Mwalimu Muksini aliruka kidogo kama mtoto.

"Mnaona? Mvua yote ile, na halijasogea. Matete yenu hayo."

Hyasinta aliwagawia uji na hakumtazama mtu.

Akafanya hivyo tena baada ya mvua nyingine, na tena. Alivijua vigingi vile kuliko alivyojua vijiko vyake. Kila alipovisogeza kaburi lilikuwa karibu zaidi, lakini alijiambia kwamba nyavu zikija ukuta utasimama popote pale, hata hatua moja kutoka kwa Isaya.

Siku moja baada ya wenzake kuondoka, Goodness alibaki na kishikwambi mkononi. Alimfuata mama yake jikoni, akakaa kwenye kigoda, akakigeuza kioo upande wake.

"Mama, hebu ona. Hii nilipiga wakati tunaanza. Kigingi cha mwisho kiko mbali na msalaba."

"Naona."

"Hii ya jana. Kigingi cha mwisho kinakaribia kugusa saruji."

"Picha hudanganya, ukisimama vibaya."

"Nilisimama kwenye jiwe lile lile, mama. Ndivyo tulivyofundishwa. Na msalaba hautembei."

Hyasinta alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Umemwonyesha mwalimu?"

"Bado."

"Usimwonyeshe."

Mtoto alimtazama. Alikuwa na macho ya baba yake, ya kumkazia mtu mpaka ajibu.

"Ni wewe?"

"Nyavu zinakuja, Goodness. Unataka nyavu au unataka darasa?"

"Lakini mwalimu alisema kipimo kikiwa kibaya ndiyo..."

"Mwalimu ana miaka mingapi hapa? Mbuzi wangu walipokufa yeye alikuwa wapi? Mimi nawajua hawa watu. Wewe piga picha kwa karibu, kigingi na futi tu. Msalaba usionekane."

Goodness alikizima kishikwambi. Wiki iliyofuata alipiga picha kwa karibu.

Mwezi wa pili shule zote za mradi zilikusanyika kwenye ukumbi mmoja Karatu mjini. Hyasinta alivaa gauni la kanisani, akapanda pikipiki na mwanawe katikati. Ukutani zilikuwa zimebandikwa kazi za watoto. Walisimama watoto wa vijiji vingine, wakaonyesha korongo lililokula nyumba ya mwalimu, korongo lililokata njia ya kwenda zahanati. Grafu zao zilishuka kama maporomoko. Hyasinta aliwahurumia. Akafikiri, hao basi, nyavu hawapati.

Goodness akapanda jukwaani. Alieleza kalvati, njia ya ng'ombe, mkonge, matete. Alieleza vizuri, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Akaonyesha mstari wa grafu yake, ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho.

"Kwa hiyo korongo la kwetu limetulia," alisema.

Watu walipiga makofi mpaka Mwalimu Muksini akafuta macho. Goodness akapewa cheti na mkoba mpya. Kisha Beatrice akasimama, akasema neno ambalo Hyasinta alilingojea miezi yote.

"Daa wametufundisha jambo. Wameshinda kwa mawe na majani yao wenyewe. Hawahitaji nyavu. Nyavu tutazipeleka kule ambako hali ni mbaya kuliko kote."

Makofi yakapigwa tena. Hyasinta alipiga pia, mikono yake ikipiga yenyewe. Watu walipoanza kutoka, alimfuata Beatrice nje, karibu na gari.

"Dada, samahani. Mngekuja mwone kwa macho."

"Tutakuja, mama. Wewe ndiye mama yake Goodness? Una mtoto wa ajabu. Wengi hukadiria tu, yeye alipima kila wiki bila kukosa. Wataalamu walisema vipimo vyake ndivyo safi kuliko vyote."

Goodness alikuwa amesimama pembeni, mkoba mpya kifuani, akimtazama mama yake. Hyasinta akajua kwamba akifungua kinywa, mtoto huyu ndiye atakayeitwa mwongo ukumbini, mbele ya shule zote. Hakuna ambaye angeuliza kuhusu mbuzi.

"Ahsante, dada," alisema.



Baada ya wiki chache alikwenda shuleni akiwa amepanga maneno. Alimkuta Mwalimu Muksini akiandika ubaoni maswali ya mitihani iliyopita. Goodness na wenzake walikuwa wameingia darasa la saba, wamekaa kwenye madawati wakinakili. Vishikwambi vilikuwa vimefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, kwa kuwa wazazi wa darasa la saba walikuwa wamelalamika, na Cresensia alikuwa mmoja wao.

"Shikamoo, mama Goodness," alisema mwalimu, akitoka nje na chaki mkononi.

"Marahaba, mwalimu. Korongo limeanza tena."

Uso wa mwalimu ulishuka. "Limeanza lini?"

Hapo ndipo maneno aliyoyapanga yalipaswa kutoka. Hyasinta aliangalia dirishani, akaona kichwa cha mwanawe kimeinama juu ya daftari. "Juzi juzi," alisema.

"Nitampigia dada Beatrice. Lakini nyavu, mama, zimeshajazwa mawe kule. Na mimi watoto siwezi kuwatoa tena mpaka wamalize mtihani. Nimeandikiwa barua ya onyo." Aliangalia chaki mkononi. "Tungekuwa na mwaka mmoja tu wa ziada."

"Haidhuru, mwalimu."

Masika yakaingia. Hyasinta hakuwa tena na sababu ya kugusa vigingi, na vikaanza kuanguka kimoja baada ya kingine. Ufa ulipotokea kati ya mgrevilea na saruji, mwembamba, wa kupitisha kidole, alimpigia Fabian simu, na kwa mara ya kwanza alisema lile ambalo hakuwahi kulisema.

"Tumhamishe baba yenu."

Fabian alikuja siku ile ile. Alipouona ufa hakusema habari ya mawe. Alikwenda kwa baba yake mdogo Inosenti, aliyekuwa mkubwa wa ukoo sasa, na Inosenti akasema atakuja na watu Jumamosi, pamoja na katekista Piusi, kwa kuwa kaburi halifukuliwi kienyeji. Lilikuwa jambo la haki. Hakuna aliyechelewesha kwa ubaya. Lakini mvua ilianza Alhamisi asubuhi, ikanyesha kutwa, na kalvati la juu likafungulia maji yake yote kwenye njia ya ng'ombe. Ijumaa watu walipofika, wakiwa wamewahi kwa hofu, ardhi ilikuwa imejaa nyufa na hakuna aliyethubutu kuukaribia ukingo. Fabian alitaka kwenda na kamba kiunoni. Wanaume wakamshika.

Katekista Piusi alisoma sala kwa mbali, chini ya mwavuli. Alipokuwa bado anasoma, mgrevilea uliinama polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha, ukashuka na saruji na msalaba. Hapakuwa na kishindo kikubwa. Maji yalikuwa na sauti kuliko kaburi.

Maji yalipopungua, wanaume walishuka chini wakafuata korongo hadi linapoungana na mto. Walipata vipande vya saruji. Walipata msalaba, umepinda. Isaya hawakumpata. Walirudi jioni matope hadi mapajani, wakakaa uani kwenye magogo, na Hyasinta akatoka na birika la chai.

Inosenti alikuwa amekaa muda mrefu akikwangua matope miguuni kwa kijiti. Kisha akamwita Goodness.

"Njoo hapa, mwanangu. Ni wewe uliyesema Karatu kwamba korongo limetulia?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Nilisikia. Watu walinisifia mpaka nikaona fahari. Nikasema basi, ndugu yangu yuko salama, mtoto wake amempimia." Hakuwa na hasira, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumsikiliza. "Ungesema linakula, tungemtoa mapema. Tulikuwa na kiangazi kizima. Ulipimaje?"

Fabian alimtazama dada yake. Katekista alikuwa ameshika kikombe, hajanywa. Hyasinta alisimama na birika mkononi, na kinywa chake kilikuwa wazi. Goodness hakugeuka kumtazama.

"Nilikosea kupima, baba mdogo," alisema.

"Ulikosea."

"Ndiyo. Nilikuwa nasimama vibaya."

Inosenti alitikisa kichwa taratibu. "Shule hizi," alisema, kwa huzuni tu, akanyoosha kikombe chake kitupu. Na Hyasinta akamimina chai.